Miwani ya sanamu huanzia puani

Miwani ya kawaida ya kusomea ina uzito wa gramu 20 hadi 35 hivi. Kijiko kimoja cha kulia wali, kile kizito kisichoshika kutu, mara nyingi huzidi gramu 40. Kwa hiyo anayechukua vijiko viwili akavifanya nyusi za miwani yake ameshaitwika pua mzigo wa miwani mbili au tatu za kawaida kabla hajafunga waya wa kwanza. Hapo ndipo sanamu nyingi za kuvaliwa hukwama. Kwenye picha zinapendeza, lakini mvaaji hamalizi dakika kumi bila kuishika kwa mkono.

Makala haya ni ya anayejifunza mwenyewe, bila chuo wala msimamizi, anayetaka kutengeneza miwani ya sanamu kwa vyuma chakavu. Hoja yangu ni moja: tengeneza kwanza kitu ambacho pua na masikio vitakubali kukibeba, ndipo ukipambe.

Mfano tulio nao karibu ni wa Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Hakusomea sanaa darasani. Nyumba ya utotoni mwake ilitazamana na jaa ambako taka za jiji zilikuwa zikimwagwa, na alianza kujiundia miwani akiwa mtoto kwa sababu aliitamani miwani halisi na baba yake hakutaka kusikia habari hiyo. Miwani zake, anazoziita C-Stunners, zimeonyeshwa katika majumba ya sanaa ndani na nje ya Afrika, na nyingi zina jina Macho Nne. Mwalimu wa sarufi atataka iwe macho manne, lakini Nairobi ndivyo inavyosemwa, na nafurahi kwamba jina halikunyooshwa. Baadaye aliunda kazi nyingine kwa vipande vya baiskeli za Black Mamba, zile nzito za mizigo, na redio kuukuu. Kwa anayejifunza, jambo la kuliangalia zaidi kwake ni jinsi miwani inavyoonyeshwa: mara nyingi huambatana na picha yake mwenyewe akiwa ameivaa. Uso ni sehemu ya kazi. Sanamu inayoishia kwenye kigingi ukutani ni kazi ya aina nyingine, yenye kanuni nyingine.

Vipimo kabla ya waya

Unahitaji rula, uzi, kadibodi ya boksi la viatu na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mizani ndiyo kifaa cha kwanza kununua, hata kabla ya koleo nzuri.

Pima upana wa uso kutoka panja hadi panja. Kwa watu wazima wengi ni sentimita 13 hadi 15. Pima umbali kati ya mboni mbili za macho, mvaaji akitazama mbali: wastani ni milimita 63 hivi, na karibu wote huangukia kati ya 54 na 74. Kisha pima kutoka mbele ya uso, pale fremu itakapokaa, hadi juu ya sikio. Kwa kawaida hupati zaidi ya sentimita 10. Pima masikio yote mawili, kila moja peke yake. Ni kawaida sikio moja kuwa juu kuliko jingine kwa milimita kadhaa, na fremu iliyonyooka kabisa mezani itakaa upande usoni.

Pua isipimwe kwa rula. Kata sentimita 15 za waya wa umeme wa shaba nyekundu, ule mzima wa ndani ya nyaya za soketi, wenye eneo la milimita mraba 2.5. Una kipenyo cha karibu milimita 1.8 na unakunjika kwa vidole. Ulaze juu ya pua ya mvaaji pale miwani itakapokalia, ubonyeze taratibu pande zote mbili, kisha uuweke juu ya kadibodi na kuuchora. Mchoro huo ndio daraja la fremu yako. Fremu nyingi za kiwandani zimechongwa kwa pua nyembamba yenye daraja la juu, ndiyo maana kwa wengi wetu huteleza hadi kwenye pembe za pua. Anayejitengenezea hana sababu ya kurithi kosa hilo.

Kata kinyago cha kadibodi kwa vipimo hivyo, chenye matundu mawili ya macho, na umvalishe mtu kwa mpira au utepe. Ukiona kinagusa shavu anapocheka, kipunguze chini. Kadibodi haigharimu kitu na inakubali kukatwa mara ishirini.

Kiunzi

Kwa mbele ya fremu tumia waya wa mabati wa geji 14, yaani milimita 2. Kila sentimita 10 zake zina uzito wa karibu gramu 2.5, hivyo sentimita 50 zinazohitajika ni gramu 12 na ushei. Geji 16, yenye milimita 1.6, inavutia kwa sababu inakunjika kwa urahisi, lakini fremu yake hupinda kila ikivuliwa. Ule waya mweusi laini wa kufungia nondo usiufanye kiunzi kabisa, hata ukikunjwa mara mbili. Kazi yake ni nyingine na tutaifikia.

Weka alama katikati ya waya. Kunja daraja la pua hapo kwanza kwa kufuata mchoro wako, kisha teremka upande mmoja uzungushe jicho la kwanza, urudi upande wa pili uzungushe la pili. Anayeanza ncha moja akaelekea ncha nyingine hubeba kila kosa dogo mbele, na akifika jicho la pili hukuta limeshuka au limekuwa dogo. Ukianza katikati, makosa hugawanyika pande mbili na macho hulingana.

Kama unataka duara la milimita 45, zungusha waya kwenye bomba au chupa yenye kipenyo cha milimita 40 hivi. Waya ukiachiwa hufunguka kidogo, na kiasi cha kufunguka hutofautiana kati ya koili na koili, kwa hiyo jaribu kwanza kwa kipande kifupi. Baada ya kuzungusha macho yote mawili, acha milimita 30 kila upande zielekee kwenye panja. Hapo ndipo mikono ya miwani itashikwa. Mwisho ongeza kipande cha waya uleule cha sentimita 16 juu ya macho yote, kutoka panja hadi panja. Bila nyusi hiyo, fremu hujikunja katikati mara tu mzigo unapoongezwa.

Chuma kikikunjwa na kunyooshwa mahali pamoja huwa kigumu, kisha hukatika. Ukikosea, usirudie palepale mara ya tatu. Kata kipande kipya. Shaba nyekundu ina nafuu: ukiipasha moto kivulini hadi iwe nyekundu ya giza, ukaitumbukiza majini, hulainika tena. Usifanye hivyo kwa waya wa mabati. Zinki iliyoupaka hutoa moshi mweupe ukiupasha moto mkali, na anayeuvuta huweza kushikwa saa chache baadaye na homa, baridi ya mwili na kifua kubana. Mafundi wengi wa kuchomelea hunywa maziwa kabla ya kazi kwa imani kwamba yanazuia. Hayazuii. Moshi unaingia mapafuni, maziwa yanaingia tumboni.

Mikono ya spoki

Kitu bora kuliko vyote kwa mikono ya miwani kinauzwa kwa fundi wa baiskeli: spoki. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, na ya gurudumu kubwa la Black Mamba ina urefu wa karibu sentimita 30. Ni chuma chenye mnepo, maana yake ukiukunjua mkono kwa nguvu hurudi mahali pake, jambo ambalo waya wa mabati haufanyi. Na upande mmoja spoki imekwisha kukunjwa kiwandani, ikawa na kiwiko kifupi na kichwa bapa. Kiwiko hicho ni bawaba iliyo tayari.

Kata kipande cha bati nene la milimita 2 chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Toboa tundu la milimita 2.5. Kifunge kipande hicho kwenye zile milimita 30 ulizoziacha kwenye panja, kikilala bapa kama meza ndogo. Pitisha spoki kutoka juu, ncha yenye nyuzi ikitangulia, uivute hadi kichwa kikae juu ya bati na kiwiko kishuke tunduni. Sasa mkono unazunguka kwenda ndani na nje, na hauchomoki. Tundu likiwa la milimita 3 au zaidi, mkono hutikisika juu na chini na miwani nzima huonekana imelegea. Toboa dogo kwanza, halafu ulipanue kwa tupa ya duara mpaka kiwiko kipite kwa shida kidogo.

Bawaba inahitaji kizuizi, la sivyo mkono utafunguka hadi mbele. Kunja ncha ya waya wa fremu iwe kama kidole kinachogota mkono ukifika pembe mraba na mbele ya fremu, au zaidi yake kidogo sana.

Kutoka kwenye kiwiko pima sentimita 15, kata, uilainishe ncha kwa tupa. Kwa spoki ya sentimita 30 utabakiwa na nusu yenye nyuzi; itunze, inafaa kwa pambo lolote la kukazwa kwa nati yake ndogo. Kunja sehemu ya sikio kuanzia kile kipimo cha sentimita 9 au 10 ulichochukua. Usibane kwa koleo lenye meno. Meno huacha chale, na chuma chenye mnepo hukatikia kwenye chale. Izungushe kwenye boliti ya milimita 8 au kwenye ncha ya bomba, kwa mkono, polepole. Valisha ncha kipande cha tyubu ya baiskeli au mpira mwembamba wa nyaya.

Mpaka hapa umetumia gramu 12 za mbele, 4 za nyusi, karibu 4 kwa kila mkono na chache za bati. Jumla haijafika 30. Kikomo changu kwa miwani ya kuvaliwa saa nzima ni gramu 90, na kwa ile ya picha au jukwaa fupi ni 150. Umebakiwa na gramu 60 za kupamba, na hizo si kidogo. Kifuniko cha chupa ya soda ni gramu 2 na ushei tu, na kina meno 21 ambayo yenyewe ni urembo.

Hesabu ya mizani

Uzito peke yake hauelezi kila kitu. Gramu 40 zilizokaa bapa juu ya daraja hazisumbui kama gramu 40 zilizochomoza mbele.

Chukua miwani yenye mdomo wa kasuku, au taa ya baiskeli, inayotokeza mbele. Tuseme pambo ni gramu 40, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 5 mbele ya pua. Zidisha: 40 kwa 5 ni 200. Nguvu hiyo inaipindua miwani kwenda chini na kuinua mikono kutoka masikioni. Ili kuirudisha unahitaji uzito nyuma. Ncha ya mkono iliyoshuka nyuma ya sikio iko karibu sentimita 14 kutoka puani. Gawanya 200 kwa 14 upate gramu 14 hivi, yaani gramu 7 kila upande. Washa chache, zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati, ndani ya mfuko wa ngozi zinatosha, na mfuko ukishonwa vizuri huwa pambo la nyuma ya sikio.

Wanaoanza hukimbilia kubana mikono ili ishike kichwa. Kubana kunatosha kwa dakika tano, kisha panja zinaanza kuuma. Uzito wa nyuma haumi.

Hesabu ikikuchosha, laza penseli mezani, weka miwani iliyofunguliwa juu yake, penseli ikiwa chini ya daraja la pua. Ikianguka mbele, bado. Ikilala nyuma kwa utulivu, umefika.

Chakavu unachokichukua

Nunua kwa kilo kwa wauza chakavu wenye leseni, uombe risiti. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na wizi wa nyaya na vyuma vya umeme ulifika hatua ya serikali kusimamisha biashara hiyo kwa muda Januari 2022. Msanii aliyekutwa na koili ya shaba asiyoweza kueleza ilikotoka hatasaidiwa na neno sanaa.

Vitu vingine visiingie kabisa karakanani: betri za aina yoyote, mirija ya taa nyeupe ndefu, kwani ndani yake mna zebaki, makopo ya dawa ya kupuliza yaliyo na gesi bado, na chochote kilichotoka hospitalini. Bodi za redio na kompyuta zinapendeza sana, na rangi yake ya kijani haina mpinzani, lakini zinaunganishwa mara nyingi kwa madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Zikate kwa mkasi wa bati au msumeno zikiwa zimeloweshwa, uvae barakoa ya vumbi, na usizipige msasa zikiwa kavu. Zisiguse ngozi ya mvaaji.

Usichome nyaya ili kupata shaba. Plastiki ya nyaya ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma koo, na shaba yenyewe hutoka nyeusi na kuwa kazi zaidi kuisafisha. Chana ganda kwa kisu kwa urefu. Mita moja ni kazi ya dakika mbili.

Osha kila kitu kwa maji moto na sabuni, ukisugua kwa brashi. Chuma chenye kutu kiloweke kwenye siki usiku kucha, kisugue, kioshe kwa maji yenye kijiko cha magadi ili kuua asidi iliyobaki, ukikaushe papo hapo juani au karibu na jiko. Ukikiacha kikiwa na unyevu, ndani ya saa chache kitakuwa na kutu mpya ya rangi ya chungwa. Waya wa mabati usiuloweke: siki hula zinki upesi na kuuacha uchi. Shaba isugue kwa ndimu na chumvi, au ukwaju, kama vyombo vya shaba vinavyosafishwa pwani.

Kuunga bila moto

Wengi hudhani lazima wajue kulehemu. Si lazima, na kwa chakavu mara nyingi haiwezekani. Aluminiamu haishiki lehemu ya kawaida. Chuma kisichoshika kutu hakishiki bila asidi maalumu. Kwenye chromu lehemu huteleza. Kisha lehemu ya kawaida, ile yenye sehemu 60 za madini ya bati na 40 za madini ya risasi, haitakiwi karibu na uso wa mtu. Ukilazimika, tumia ile isiyo na risasi, ukijua kwamba inayeyuka kwenye joto la juu zaidi, nyuzi 227 hivi.

Njia tatu zinatosha.

Ya kwanza ni kufunga kwa waya mwembamba wa geji 20. Zungusha mara tano au sita, kila mzunguko ukigusana na mwenzake, kisha ncha zote mbili uzifiche upande wa mbele, mbali na uso. Hapa ndipo ule waya mweusi laini unapofaa, ukiupaka vanishi usishike kutu. Mafungo yakilegea, kwa kawaida ni kwa sababu yalizungushwa kwa vidole. Yavute kwa koleo kila mzunguko.

Ya pili ni ribiti, kipini kinachogongwa kichwa pande zote mbili. Kipande cha waya wa shaba wa milimita 1.8 katika tundu la milimita 2, kikitokeza kila upande kwa urefu unaokaribiana na unene wake, yaani karibu milimita 2. Kikitokeza zaidi hulala upande badala ya kutandaa. Kikitokeza pungufu hakipati kichwa. Kiweke juu ya kipande cha reli au kichwa cha nyundo kubwa, ugonge kwa nyundo ndogo ya mviringo, mapigo mepesi kuzunguka ukingo, ukigeuza kila mapigo matano. Kama unataka ribiti inayoruhusu kuzunguka, mathalani jicho linalofunguka kama mlango, weka kipande cha karatasi kati ya mabati mawili kabla ya kugonga. Ukimaliza, lowesha karatasi na uitoe. Nafasi iliyoachwa na karatasi ndiyo inayoruhusu mwendo.

Ya tatu ni ulimi: unakata bati likiwa na ulimi wa milimita 5 kwa 10, unaupitisha kwenye mwanya na kuukunja nyuma. Ulimi hukatika ukikunjwa zaidi ya mara moja, hivyo hakikisha umepanga mahali kwanza.

Gundi ya epoksi naiona kuwa ya kusaidia tu. Kwenye chuma laini kilichong'aa hubanduka kwa kishindo kimoja. Ikibidi, kwaruza pande zote mbili kwa msasa wa namba 120 na ufute mafuta kwa spiriti kwanza.

Kingo na ngozi

Ukingo wa bati la kopo unakata kama wembe, na hautakoma kukata kwa sababu umepakwa rangi. Jifunze kukunja ukingo kwa mafundi wa Kamukunji, pale Nairobi wanapofua masanduku na majiko kutoka kwenye bati. Mtu akisimama pembeni kwa heshima, akamwambia fundi kwamba anajifunza, akanunua hata koleo moja la makaa, hataondoka mikono mitupu. Wanapima kila kitu kwa kidole, lakini mwendo ni uleule: chora mstari milimita 4 kutoka ukingoni, inua ukingo hadi pembe mraba kwa kuugonga juu ya chuma chenye kona, kisha ulaze kabisa. Ukitaka uwe imara zaidi, laza waya ndani ya kunjo kabla ya kulifunga. Kwa mstari wa mviringo kata pindo vipande vidogo kwanza, la sivyo bati litajikunja.

Kila panapogusa ngozi paweke kitu laini. Pua ndiyo inayotoa jasho zaidi. Ngozi nyembamba ya kondoo au kipande cha tyubu, kilichogundishwa na kushonwa, kinatosha. Shaba ikikutana na jasho huacha rangi ya kijani usoni. Haidhuru, lakini mvaaji hatakushukuru. Nikeli, iliyopakwa kwenye vitu vingi vinavyong'aa, huwawasha watu wengi kweli, na vanishi huchubuka baada ya kuvaliwa mara kadhaa. Nyuma ya sikio ndipo panaposahaulika mara nyingi.

Macho

Chochote kigumu kikae angalau milimita 15 kutoka kwenye kope, na kisiwepo chochote chenye ncha kikielekea ndani, hata kwa pembe. Mvaaji akigongwa begani, miwani inarudi nyuma usoni. Fikiria hilo kwa kila skrubu: kichwa kikae ndani, mkia utokee nje.

Usiweke kioo. Kama sanamu inataka lenzi, tumia wavu, bati lililotobolewa matundu ya milimita 3 yaliyosongamana, au plastiki iliyolainishwa kingo. Filamu nyeusi, mikanda ya picha au plastiki ya chupa si miwani ya jua. Giza lake hufanya mboni ipanuke, huku miale inayodhuru ikiweza kupita. Mwambie anayeinunua, kwa maneno, na uandike kwenye kijikaratasi chake.

Miwani inayomziba mvaaji asione kabisa ni halali kama sanamu, ila isiwe ya kutembea nayo. Kwa maonyesho ya mavazi, mwanamitindo lazima aone sakafu hatua mbili mbele yake. Acha mwanya wa milimita 8 chini ya kila jicho, macho huteremka hapo yenyewe.

Kumvalisha mtu

Jaribio langu ni la dakika 20, juu ya mtu mwingine, si wewe. Anatembea, anainama kufunga kamba za viatu, anatikisa kichwa kama anayekataa, anacheka, anakunywa maji. Ukivua, tazama pua. Alama mbili nyekundu zinazofanana na kupotea ndani ya dakika chache ni sawa. Alama moja nyekundu kuliko nyingine ina maana fremu imekaa upande; rekebisha mkono mmoja, usiguse daraja. Mstari mwembamba mwekundu unaonyesha mahali paliposhika ni padogo mno; panua kishikio kifike upana wa milimita 8. Mvaaji akiigusa miwani kwa mkono zaidi ya mara mbili ndani ya dakika hizo 20, rudi kwenye ile hesabu ya pua na sikio.

Kwa utaratibu wa kujifunza, ningeanza na viunzi kumi vya waya mtupu, visivyo na pambo hata moja, kila kimoja kwa uso wa mtu tofauti. Waya wa mita kumi unatosha kumi hivyo, pamoja na mikono yake ya waya. Vya mwanzo vitapinda. Kufikia cha nane utajua kwa mkono, bila rula, mahali pa kuanza kukunja sikio. Ndipo uingie kwenye mikono ya spoki, kisha ribiti, kisha bati lenye kingo. Pambo lije la mwisho, na kila likiongezwa, miwani irudi mizanini.

Ukipamba, acha kitu kionekane kilivyokuwa. Uma ubaki uma, kifuniko cha soda kibaki na jina lake. Kukipaka kila kitu rangi moja ya dhahabu kunafuta kazi nzuri ambayo jaa lilikwisha kufanya.

Kabla haijaondoka karakanani, piga picha tatu: mbele, ubavuni na ikiwa usoni, dirisha likiwa upande mmoja na kitambaa cheupe upande wa pili. Andika mwaka, vitu vyote vilivyotumika, vipimo kwa sentimita na uzito kwa gramu. Ndani ya boksi weka nati mbili na spoki moja ya akiba. Mkono ndio unaovunjika kwanza, na mwenye miwani anaweza kuwa yuko mbali na fundi yeyote wa baiskeli.